Ukurasa Uliopitwa na Toleo

Mtu aliyeingia dukani Jumanne ile alikuwa na tope kavu mpaka magotini, na hakuja kutoa fotokopi. Alisimama mlangoni, akawatazama wateja waliokaa kwenye benchi, akamtazama mwenye duka nyuma ya kaunta, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea darasa kubwa:

"Winifrida wa Mbinga ni nani hapa?"

Nilikuwa nachapa kadi za harusi. Niliinua mkono kama mwanafunzi.

"Wewe?" Alinikodolea macho. "Mimi nilimtarajia mtu mwenye mvi."

"Shikamoo, mwalimu." Ualimu ulikuwa umeandikwa usoni pake.

"Marahaba, binti. Naitwa Ausi. Nafundisha ziwani, mbele kidogo ya Liuli, ile sekondari mpya ya binafsi. Lori lilituharibikia Mpepai, nikaona nikate njia kwenye mashamba yenu. Ninyi Wamatengo hamlimi, mnatega! Ukinyanyua mguu kwenye shimo hili la ngolo, jingine linakungoja."

Mwenye duka, Mzee Abdulmalik, ambaye mji mzima humwita Baba Sumaiya, alicheka mpaka akavua miwani. "Mwalimu, mashimo hayo ndiyo yanayozuia mlima wetu usije kuangukia nyumba zenu. Toa shukrani, ukae, unywe chai."

Lakini mwalimu Ausi hakukaa. Alifungua mkoba wake, akatoa karatasi zilizokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaziweka mbele yangu. Ulikuwa ukurasa wangu. Mtu alikuwa ameuchapisha, akapigia mistari kwa kalamu nyekundu, akaandika maswali pembeni.

Niliziacha kadi za harusi, nikazivuta karatasi zile karibu.

Nieleze ukurasa wenyewe. Chuoni Dar es Salaam tulikuwa wanafunzi watano tuliojiapiza kuyaandika kwa Kiswahili maelezo ya mfumo wa Linux, ule unaotolewa bure kwa kila mtu. Kila mmoja alichukua sehemu yake. Mimi nilichukua kiini cha mfumo, pale kinapogawa kumbukumbu ya kompyuta kwa programu zote zinazoiomba. Wenzangu walicheka kwamba nimechagua sehemu isiyosomwa na mtu. Baada ya mahafali walitawanyika kwenye kampuni za simu na mabenki, mmoja mmoja wakaacha kuandika, na mimi nikarudi nyumbani Mbinga kumuuguza mama. Mama alipopona nilikuwa nimeshazoea kompyuta ya Baba Sumaiya, ambayo ilifika kwenye intaneti kwa laini ya simu, na niliruhusiwa kuitumia wateja wakipungua. Niliuhudumia ukurasa wangu kwa miaka miwili. Kila mstari niliuandika baada ya kuujaribu kwenye mashine ile ile, na chini kabisa niliweka jina langu, mji wangu na ombi kwamba mwenye swali aniandikie. Hakuna aliyewahi kuniandikia. Mwaka ule wa 2004 lilipokuja toleo jipya la kiini, rafiki yangu Kauthar alinitumia CD yake kwa basi kutoka Dar. Ilikuwa imekaa kwenye droo wiki kadhaa. Nilijiuliza ninamwandikia nani.

Sasa aliyekuwa akiandikiwa alikuwa amesimama mbele yangu na tope magotini.

"Tulipewa kompyuta moja yenye nguvu kiasi," alisema, "na viskrini vinane vinavyoitegemea. Wanafunzi wanachapa, mara programu ya mmoja inatoweka. Haikwami, inatoweka. Anapoteza kazi yake yote, analia. Nikasoma hapa kwako kwamba kiini kikiishiwa kumbukumbu huwa kinachagua programu ya kuua. Nikasoma kwamba ukiweka namba tatu mahali hapa, kitaacha kuahidi kumbukumbu ambayo hakina. Nimeweka tatu. Bado kinaua."

"Mnatumia toleo gani?"

Alipolitaja, nilihisi masikio yanawaka. Lilikuwa lile jipya. "Huko mambo yamehamishwa, mwalimu. Ile tatu ni ya zamani. Na mimi sijalijaribu bado."

"Basi lijaribu." Alisema bila ukali. "Jumatatu mkuu wa shule anakuja kuangalia darasa zima likichapa. Mtoto mmoja tu akikatwa, chumba kinarudi kuwa stoo ya mihogo. Tayari ameshaniomba funguo. Mimi naenda Songea kuchukua vitabu, Alhamisi mchana nitapita hapa na lori la kushuka ziwani kwa njia ya Kingerikiti. Nitaukuta ukurasa?"

"Utaukuta," nilisema.

"Na uuweke pia kwenye intaneti. Siwezi kuwa mjinga peke yangu nchi nzima."

Baba Sumaiya alingoja mpaka mgeni aondoke. "Wini, umesahau? Alhamisi wewe utakuwa kwenye basi la Dar."

Sikuwa nimesahau. Kauthar alikuwa amenitafutia usaili kwenye kampuni moja ya simu, Ijumaa asubuhi. Mpango ulikuwa niondoke Mbinga Jumatano saa kumi alasiri, nilale Songea, alfajiri nipande basi. Kauthar alikuwa ameshanitandikia kitanda. Tangu nirudi nyumbani sikuwa nimepata mtu wa kuzungumza naye kuhusu kazi ninayoipenda. Nilikuwa nikijizungumzisha mwenyewe, hasa jioni za Julai, baridi inaposhuka na watu wanafunga milango mapema.

"Nitaumaliza kabla ya saa kumi kesho," nilimwambia. "Nitakuachia umkabidhi."

Jumatano nilifika dukani mapema kuliko mfagiaji. Niliweka toleo jipya kwenye kompyuta, nikasoma maelezo yake ya asili ya Kiingereza. Yalikuwa mafupi kama kawaida yake. Palipokuwa na tatu, sasa paliandikwa mbili. Baba Sumaiya alivuta kiti chake karibu.

"Nieleze mimi nisiyejua. Kiini kinaahidije kitu ambacho hakina?"

"Programu ni waoga, Baba. Zinaomba kumbukumbu nyingi kuliko zitakazotumia. Kiini kinajua tabia hiyo, kwa hiyo kinazikubalia zote, kikitumaini hazitakuja kuchukua kwa wakati mmoja. Siku zikija zote, hakina cha kuzipa. Kinaua moja ili nyingine ziendelee."

"Aa, kumbe ni mwenye basi! Anauza kiti kimoja kwa watu wawili, akiomba mmoja achelewe."

"Ndiyo hivyo. Mwalimu anataka basi ambalo likijaa, karani anasema hapo hapo dirishani: hakuna nafasi. Mwanafunzi aambiwe asubiri kabla hajaanza kuchapa, asitupwe nje katikati ya safari."

"Karani huyo sijawahi kumwona," alisema Baba Sumaiya.

Niliandika mbili. Kisha nikajaribu kufungua programu ya kuchapa. Ilikataa. Nikajaribu ndogo zaidi, nayo ikakataa. Hata dirisha la kuandikia amri halikufunguka. Kompyuta ilikuwa na nafasi, niliijua, lakini ilikuwa ikimfukuza kila mtu mlangoni.

Nilianza upya. Nikabadilisha hiki na kile, nikazima, nikawasha. Wateja waliingia, nikawaomba radhi, Baba Sumaiya akawapigia soga. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Dereva wa gari la Songea alianza kupiga honi stendi, ng'ambo ya barabara.

"Mwandikie mbili," alisema Baba Sumaiya. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mzazi. "Si ndivyo kitabu chao kinavyosema? Hujamdanganya. Mengine atajijaribia mwenyewe, ni mwalimu."

"Akiweka mbili, Jumatatu hakuna skrini hata moja itakayofunguka mbele ya mkuu wake."

"Na wewe Ijumaa?"

Simu ya dukani ililia. Alikuwa Kauthar, akitaka kujua kama nimeshapanda gari.

"Bado," nilisema. "Kauthar, wanaweza kunisogezea mpaka Jumatatu?"

"Unaumwa?"

"Hapana. Kuna mtu ziwani anausoma ukurasa wangu."

"Wini. Ukurasa gani? Ule wa chuo?" Nilimsikia akivuta pumzi. "Hawasogezi. Wamewaita watu arobaini kwa nafasi mbili. Mdogo wangu, huyo mtu wa ziwani hakulipi hata soda. Panda gari."

"Nimemwahidi Alhamisi."

"Na mimi nimewaahidi wewe," alisema, na hapo sauti yake ikabadilika. Hakunigombeza tena. Hilo liliniuma zaidi.

Gari lilipoondoka nililiona kupitia mlangoni. Lilipunguza mwendo mbele ya duka, utingo akachungulia, akaniita kwa jina. Nikatikisa kichwa. Akapiga bodi ya gari kwa kiganja, wakaenda. Mama akija kuniuliza, sikujua nitamwambia nini. Nilirudi kwenye kiti, nikakaa mbele ya skrini. Machozi yalikuja na nikayaacha, kwa kuwa Baba Sumaiya alikuwa amegeukia rafu kwa makusudi, akipanga madaftari yaliyokuwa yamepangika.

Jibu nililipata Alhamisi asubuhi, na lilikuwa dogo. Toleo jipya, ukiliwekea mbili, huhesabu ahadi zake kwa nusu tu ya kumbukumbu ya mashine, pamoja na eneo la akiba lililotengwa kwenye diski. Diski yangu haikutengewa karibu chochote. Kiini kilikuwa mwaminifu kupita kiasi: kilijiona maskini. Nilitenga eneo la akiba, nikaongeza na kile kiwango cha nusu, kisha nikafungua programu moja baada ya nyingine kama mtu anayeshindilia gunia. Ilipojaa kweli, programu ya mwisho iliambiwa hakuna nafasi. Zile zilizotangulia ziliendelea kufanya kazi, hakuna iliyotoweka.

"Karani wa kweli," alisema Baba Sumaiya, akiwa amesimama nyuma yangu.

Niliandika upya ukurasa mzima. Niliondoa ile tatu. Niliandika hatua ya eneo la akiba kabla ya hatua ya mbili, ili mwenye haraka asijifungie nje kama mimi, na juu kabisa nikaandika kwa herufi nene ni wa toleo gani. Nilikuwa bado natoa nakala pale lori liliposimama nje, limesheheni, mwalimu Ausi akiwa juu ya maboksi ya vitabu na kofia imefungwa kwa kamba chini ya kidevu.

Nilikimbia nazo. Dereva hakuzima injini.

"Umepata?" alipaza sauti.

"Soma kwanza ukurasa wa pili, mwalimu! Usianze na namba! Anza na akiba ya diski!"

Aliinama mpaka nikaogopa ataanguka, akazipokea, akaziingiza ndani ya shati. "Mungu akubariki, binti! Jumatatu nitakukumbuka." Lori likashika njia, vumbi likatufunika sote, na yeye akaendelea kupunga mkono bila kuona kama nampungia. Hakujua kwamba nilikuwa na safari, na sikuona sababu ya kumpa mzigo huo ashuke nao mlimani.

Niliporudi dukani palikuwa na mama mmoja aliyetaka kadi za kipaimara. Nilimwomba anivumilie kidogo. Nilikaa, nikaiambia modemu ipige simu ya intaneti, nikaanza kuupandisha ukurasa mpya mahali pa ule wa zamani. Ulifika katikati, laini ikakatika.

Nikapiga tena.