Jina Alilolituma Waceke

Mjumbe hauawi, ndivyo wasemavyo watu, na kweli mimi sikuuawa. Nilirudi Nairobi Jumapili ile nimeshiba mananasi, viatu mkononi, naimba.

Naitwa Nekoye. Mwaka wa hamsini na tano nilikuwa yaya kwa Mzungu mmoja, na chumba cha nyuma nililala na Ngendo, aliyefua na kupiga pasi nyumba ile ile. Mimi Mbukusu, mdomo wangu hauna breki. Ngendo alikuwa Mkikuyu wa Ruiru, mpole, tumbo limeanza kuonekana. Mumewe alichukuliwa akapelekwa kizuizini kabla hajajua kama mkewe ana mimba.

Mtoto wao wa kwanza, Njambi, alikuwa Ruiru kwa nyanya yake, mama mzazi wa Ngendo. Habari zilizotufikia zilisema mtoto anakohoa, kifua kinambana, usiku halali. Kwenda kumwona, Ngendo angeenda vipi? Ilikuwa Hali ya Hatari, na Mkikuyu aliyetoka mjini bila kibali alikuwa anajitafutia kamba. Memsahib alisema atamwombea kibali. Alikiomba kwa mdomo tu, tena kwetu jikoni.

Mimi hakuna aliyenidai kibali hicho. Kaka yangu Wamalwa alikuwa akikata mkonge Thika, na kila tukionana ananisifia maporomoko ya Chania utadhani ameyajenga yeye. Nikaomba Jumapili nzima niende nikayaone, nile vizuri, nirudi jioni. Ngendo aliposikia basi langu litapita Ruiru, akachukua pazia kuukuu la memsahib, lenye maua ya manjano, akaanza kumshonea Njambi gauni.

"Niletee neno moja tu, dada," akaniambia. "Kama mtoto amepona. Mengine yote sina haja nayo."

Huku akishona alinieleza mambo ya majina yao. Msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya mume, ndiye huyo Njambi. Wa pili huchukua la mama ya mke. Basi huyu wa tumboni akiwa msichana ataitwa Waceke, na huyo nyanya Waceke amelisubiri jina lake miaka mingi. Alikuwa akimwambia Ngendo, "Harakisha, mwanangu, nizaliwe tena kabla sijafa."

"Kumbe kwenu hata majina yanapanga foleni," nikamwambia. "Hakuna kurukana?"

"Hakuna," akasema, na tukacheka sote wawili.

Ruiru nilishuka asubuhi, nikauliza njia. Kijiji chenyewe kilikuwa kile walichohamishiwa watu kwa nguvu, vibanda vimepangwa safu safu kama mahindi, handaki limekizunguka, limejaa miti iliyochongwa. Langoni homugadi, mgambo wa serikali, akaniuliza Mbukusu anatafuta nini kwa Wakikuyu. Nikamwambia natafuta mume, lakini yeye hapana. Kuingia akakataa, ila akamtuma mtu amwite Waceke.

Alikuja mama mrefu, kitambaa kichwani, matope yamempanda hadi magotini. Akasimama upande wake wa lango, nami upande wangu, na homugadi katikati, ametega masikio.

"Wewe ndiye Nekoye wa maneno mengi," akasema.

"Ndiye, mama. Ngendo anamuulizia mtoto."

Akamtazama homugadi, kisha akatazama miguu yangu. "Hakohoi tena," akasema.

Moyo wangu ukatua. Nikampa gauni. Akalipokea kwa mikono miwili, akalikunja, akalikunja tena, mpaka likawa kifurushi cha kuenea kiganjani.

"Nimwone basi, nimpelekee mama yake salamu zake," nikasema.

"Leo hapana. Mwambie Ngendo ale. Asibebe ndoo nzito. Na umwambie hivi, usisahau. Huyo wa tumboni akiwa msichana, amwite Njambi."

Nikamwambia nitamwambia. Akacheka kidogo, akanishika mkono, akaushika muda mrefu mpaka homugadi akamfokea arudi ndani. Nikaona ni mambo ya wazee, labda ndugu za mume wamenung'unika. Mimi nilikuwa nimetumwa neno moja, na neno hilo nilikuwa nalo. Hakohoi tena.

Basi nikaenda zangu Thika nikastarehe. Maporomoko ni mazuri, siwezi kudanganya. Wazungu walikuwa juu hotelini wanakunywa chai, mimi na Wamalwa tukakaa chini kwenye mawe, na maji yakaturushia manyunyu bila kuuliza rangi. Nikavua viatu. Tulikula nanasi mpaka midomo ikawasha. Kwa miaka mingi sikuwa nimefurahi namna ile.

Jioni nilimkuta Ngendo anapiga pasi nguo za watoto wa memsahib. Nilianza kusema kabla sijafika mlangoni.

"Amepona! Mama yako amesema hakohoi tena."

Ngendo akaweka pasi chini, akafumba macho. "Asante Mungu," akasema. "Umemwona?"

"Homugadi alinizuia langoni. Lakini gauni mama amelichukua. Amesema ule, usibebe ndoo nzito. Na huyo wa tumboni akiwa msichana, umwite Njambi."

Uso wake sikuuelewa mara moja. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena, polepole, nami nilipofika kwenye jina safari hii, nikalitamka kwa kunong'ona.

"Labda ni ndugu za mume wako," nikasema. "Labda wamelalamika."

"Jina la aliye hai halirudiwi, dada. Ningemwitaje mwingine Njambi, na Njambi yupo?" Alisema taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Na mama yangu alivyolitaka jina lake."

Nilitaka dunia inimeze. Akaniuliza ni lini, sikujua. Akaniuliza wamemzika wapi, sikujua.

"Mama alikuwa analia?"

"Hapana. Alicheka kidogo."

"Alicheka kwa ajili yako," akasema, "usije ukajua ukiwa njiani."

Pasi ilikuwa imeanza kupoa. Akaipeleka jikoni akaongeza makaa, akarudi, akatandaza gauni la binti wa memsahib, akanyoosha kola kwa vidole.

"Na maporomoko," akaniuliza bila kuinua kichwa, "ni mazuri kama wanavyosema?"

"Ni mazuri," nikamwambia.