Kadi Tuliyoizika

"Mama Pacha, kadi ya geti ya marehemu mumeo ifutwe leo!" jirani wa ghorofa ya chini alifoka pale getini. "Tulimzika nayo mfukoni mwa koti. Sasa kila mchana geti linamfungulia nani?"

"Umbea utakuua, shoga. Ikifutwa, ataingiaje?"

Mlinzi alikohoa, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufutia. "Shemeji, nibonyeze?"

Kabla mjane hajajibu, mashine ya kadi ikalia. Kwenye kompyuta ya mlinzi ikatokea picha ya marehemu, na geti likafunguka taratibu. Hakuingia mtu, ila harufu ya udongo mbichi.

Jirani akajificha nyuma ya mlinzi.

Mjane akaweka sawa kitambaa chake kichwani. "Umechelewa, baba watoto. Karibu ndani, chakula kinapoa."