Mguu wa Bi Tenga

Kufikia saa nne asubuhi Candida alikuwa amekwisha kumnyoosha Bi Tenga mguu katika picha arobaini, na mgawo wa umeme ulikuwa umemzimia kompyuta mara mbili. Picha mia na ushee zilimngoja.

Bi Tenga, muuza nyanya wa Kariakoo, alibuniwa na baba yake Candida, mzee Theophil, enzi zile gazeti la katuni likisomwa mtaa mzima mpaka linachanika. Alimchora akichechemea kwa kuwa marehemu Selina, mama yake Candida, alichechemea tangu alipogongwa na mkokoteni sokoni. Sasa soko huria lilikuwa limeleta kampuni ya sabuni, nayo ilimtaka Bi Tenga atembee kwenye tangazo la televisheni.

"Ila sio kilema," alisema Jay, mwenye karakana ya katuni. "Unadhani napenda? Wakikataa hii kazi nafunga, na wewe unarudi kukaa nyumbani."

Mzee naye alishatoa sharti: Bi Tenga asipochechemea, yeye hasaini mkataba. Mtoto wa jicho alikuwa amemla macho yote mawili, lakini ubishi haukupungua hata chembe.

Ndipo Candida akafanya jambo linalomchoma mpaka leo. Alivua ndala, akaipiga mezani mbele ya kinasa sauti, kisha akaiburuza. Akapiga, akaburuza. Sauti hiyo akaiunganisha na zile picha zilizonyooka.

Saa tisa alasiri alimpandisha baba yake ngazi kwa kumshika mkono. Jay alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, akamketisha karibu na spika. Kwenye kioo Bi Tenga akapita na tenga kichwani, miguu sawasawa kama askari wa gwaride. Kwenye spika mguu mmoja ukaburuzwa.

Mzee aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Ndiye," alisema. "Alikuwa anakuja hivyohivyo kutoka uani. Hamjamnyoosha?"

Jay alitazama dirishani.

"Hapana, baba," alisema Candida.

"Karatasi iko wapi?"

Candida alimwelekeza mkono kwenye mstari. Mzee akasaini kwa madaha, kama alivyozoea kusaini picha zake, na Jay akaiwahi karatasi kabla wino haujakauka.

"Hebu rudia, mwanangu. Nimsikie tena mama yako."

Candida alirudia mara tatu, maana kesho yake sauti ile ingefutwa, uwekwe muziki wa sabuni.