Dirisha Lililofungukia Chumba cha Pili

Mama Kishindo, aliyepewa jina hilo kwa jinsi anavyozipiga herufi za kompyuta, alikuwa amelinasa kosa: programu yao ya foleni za hospitali ilimwita kila mgonjwa mara mbili. Alishalirekebisha. Kilichobaki ni kuyatuma marekebisho kwenye hifadhi ya pamoja, yanakotunzwa matoleo yote ya kazi, kabla wateja hawajaonyeshwa. Wangeona toleo la zamani, kazi ingekwenda kwa wengine, na wageni hao kutoka hospitalini walishaketi chumba cha mkutano.

Akabonyeza Tuma. Kompyuta ikalia ting, dirisha likatulia kama maji mtungini. Akabonyeza tena, ting.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, waliyefanya naye kazi meza moja na kutaniana kutwa, akamshauri aizime aiwashe upya, maana labda imechoka kupigwa. Mama Kishindo hakucheka. Mfu halii, na hii ilikuwa inalia. Basi palikuwa na dirisha jingine mbele ya hili, likingoja jibu. Akayashusha madirisha yote, moja moja, mpaka kioo kikabaki kitupu. Hakuona kitu.

"Shem, ule waya mrefu umeuchomeka wapi?"

"Luninga ya wageni. Si ulisema niandae mapema?"

Akashika kichwa kwa furaha. Kompyuta ilijiona ina vioo viwili, ikapeleka swali kwenye kile cha mbali.

Shemeji akachomoka hadi mlango wa chumba cha mkutano. Kweli, wageni walikuwa wamelikodolea macho swali kwenye luninga: Una uhakika unataka kutuma? Mama Kishindo akavishika vitufe vya kuhamia dirisha jingine, lakini akijibu bila kuona angeweza kusema Hapana.

"Niambie dirisha hilo likiwaka, na jibu lililokolea," akaita.

"Bado. Bado, shem. Hapo, limewaka. 'Ndiyo' ndiyo iliyokolea."

Akakipiga kitufe hadi meza ikatikisika.

"Limeondoka," akasema daktari mkuu kutoka ndani. "Haya, tuonyesheni hicho mlichotuombea ruhusa."

Mama Kishindo akaingia pekupeku, viatu amevisahau chini ya meza, akaianzisha programu. Namba ya mgonjwa wa kwanza ikaitwa. Wote wakatega masikio, shemeji akingoja kusikia kama itarudiwa.

Ikaitwa namba ya pili.