Kaseti ya Kashinje

Baba yangu Alois alikuwa fundi redio pale sokoni Sumbawanga, na ufundi wake huohuo ndio ulioninyima mume. Nasema hivyohivyo, sipaki rangi. Watu wakiniuliza, "Evodia, mbona ulichelewa kuolewa?" huwa nawaambia waniulize bei ya maharage, hayo mengine hayawahusu. Leo nimeamua kusema, basi mkae msikilize, wala mtu asinikatize.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kiliporuhusiwa kuingia. Sisi tuliokulia kupanga foleni ya sabuni tukajikuta soko limefurika saa, redio, viatu vya kung'aa, na zile gemu za mkononi ambazo watoto walizishika siku nzima mpaka vidole vinaota sugu. Gemu zenyewe zilichezwa kwa kuchomeka kaseti kwa nyuma. Si kaseti za muziki. Ni kidude cha plastiki, kidogo kama kiberiti kilicholaliwa na ng'ombe, na ndani yake mna mchezo mzima. Zilitoka mpakani Tunduma, nyingine zilivuka ziwa kutoka bandari ya Mpulungu ng'ambo zikashukia bandari ya kwetu, Kasanga, na nyingi zilikuwa feki tupu. Mtoto anacheza wiki nzima, anashinda, anasevu ili kesho aendelee alipoishia, akizima na kuwasha anakuta mchezo umeanza upya kama vile hajawahi kuzaliwa. Analia huyo! Mzazi naye anakuja juu kutafuta aliyemuuzia, na aliyemuuzia yuko Tunduma anauza nyingine.

Ndipo baba akapata jina. Ukitaka kununua kaseti Sumbawanga, unampelekea Mzee Alois kwanza. Aliipima uzito kiganjani. Aliangalia kama karatasi ya juu imebandikwa vizuri kwenye kona, na kama kuna namba ndogo zilizogandamizwa juu yake, zile ambazo huzioni mpaka uinamishe kaseti kwenye mwanga. Kisha skrubu. Feki nyingi zilifungwa kwa skrubu ya msalaba, ile ya kila siku, wakati halisi ina skrubu ya nyota ambayo bisibisi ya kawaida haiingii. Baba alichukua kalamu ya plastiki, akaichoma ncha kwa moto, akaigandamiza juu ya skrubu ya nyota ikiwa laini, ikapoa na umbo lake. Kwa kalamu hiyo alifungua kaseti yoyote. Maana pamoja na mbwembwe zote hizo, baba hakuwa anaamini kitu mpaka akione tumbo. Tumbo la feki lina tone jeusi kama lami na basi. Tumbo la halisi lina vyuma vyenye chapa, na katika michezo inayosevu mna betri bapa kama ya saa, ndiyo inayoshika kumbukumbu.

Mimi nilikuwa nauza maharage pembeni ya kibanda chake. Kashinje alinikuta hapo. Alikuwa analeta mchele kutoka bondeni Rukwa, kijana wa Kisukuma, baba yake alihama na ng'ombe kutoka Shinyanga wakati sisi tukiwa wadogo. Siku ya kwanza alinunua kilo moja ya maharage. Kesho yake akanunua kilo nyingine. Nikamwambia, "Kaka, kwenu mnalisha ng'ombe maharage?" Akacheka mpaka gunia lake likaanguka begani. Basi nikawa nimekwisha. Nilimpenda yule mtu, sioni haya kusema, nilimpenda hata nikisikia fuso la bondeni linapiga honi pale stendi moyo unaniruka.

Mama yangu, Bertilla, alinitania kila siku. "Haya, nenda kwa Msukuma wako. Utaamka alfajiri kukamua ng'ombe mpaka uote mkia." Lakini alikuwa anacheka, na mama akicheka ujue amekubali. Aliyebaki ni baba.

Kashinje akaja kuposa kwa utaratibu wote. Mshenga alikuwa Mwalimu Ambilikile, jirani yetu, Mnyakyusa wa Mbeya aliyekuwa anafundisha hapo mjini. Alikuja pia baba yake Kashinje, Mzee Mboje, mtu mrefu wa maneno machache. Mimi nilikaa chumbani na mama, kama inavyopasa, sikio langu limeganda kwenye mlango. Posa si mahali pa binti kuropoka.

Sasa, kwetu mkwe huwa hasahau shemeji mdogo. Lazima umzibe mdomo kwa zawadi, la sivyo atakusumbua mpaka siku ya harusi. Shemeji mdogo alikuwa Herieth, mdogo wangu, binti wa sekondari aliyependa gemu kuliko chakula. Wenzake walikuwa wanamwazima gemu ya mkononi lakini kaseti nzuri hana. Kashinje alijua. Alitoa mfukoni kaseti iliyofungwa kwenye leso, akampa kwa mikono miwili. Herieth akapiga goti, akapiga makofi, na kwa mlio wake nikajua kesho hatuli ugali mapema.

"Umeipata wapi, kijana?" baba akauliza.

"Kasanga, baba. Kwa baharia wa meli. Aliniambia imetumika muda mrefu lakini ni halisi."

Nikamsikia baba anaguna. Mlango ulikuwa na ufa, nikachungulia. Aliipima kiganjani. Akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Skrubu ilikuwa ya nyota. Lakini siku zile walikuwa wameanza kuleta feki zenye skrubu ya nyota, na baba alikuwa ameshatapeliwa nazo mara moja, akachekwa na soko zima. Mkono wake ukaenda kwenye mfuko wa shati alipokuwa anaweka ile kalamu. Halafu akaurudisha.

Hapo ndipo yote yalipoharibikia, jamani, kwa sababu ya adabu tu! Zawadi ya mgeni haifunguliwi tumbo mbele ya mgeni. Ukifanya hivyo umemwita mwizi hadharani, na kwetu mtu aliyelelewa hawezi kufanya hivyo hata kama amekula kiapo cha ufundi. Baba alilelewa. Akasema tu, "Herieth, cheza, kisha usevu, uzime. Ilale mpaka asubuhi. Wageni wetu nao watalala kwa Mwalimu, kesho tutaongea."

Asubuhi walirudi. Chai ilikuwa imeiva, maandazi yapo, mama amevaa kitenge kipya. Baba akamwita Herieth awashe gemu mbele ya wote. Herieth akawasha. Akatazama kioo, akamtazama baba.

"Sema," baba akamwambia.

"Imeanza upya."

Nilitaka nife. Mwalimu Ambilikile akajaribu kuokoa jahazi, akasema mzee mwenzangu, hicho ni kichezeo, sisi tumekuja kwa jambo la watu. Baba akasema, "Mwalimu, mimi ndiyo kazi yangu kujua kipi halisi na kipi feki. Mtu anayeniletea feki siku ya kwanza, siku ya mwisho ataniletea nini?"

"Baba," Kashinje akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "kama ni feki basi na mimi nimedanganywa. Sikukusudia."

"Afadhali ungekuwa mjanja," baba akamjibu. "Mtu anayedanganywa na baharia nitampaje binti?"

Mzee Mboje akasimama, akachukua fimbo yake. Wenye ng'ombe wengi hawabembelezi. Mama alikuwa amenishika mkono chumbani kwa nguvu, maana alinijua, alijua natoka kwenda kutukana. Na kweli nilikuwa natoka.

Baba akainyoosha kaseti amrudishie mwenyewe. Ndivyo ilivyo, ukikataa posa unarudisha zawadi. Kashinje akaweka mikono nyuma. "Hiyo nimempa shemeji, mzee. Hairudi. Ikae."

Wakaondoka. Nilimlilia baba, nikamnunia, nikaacha kumpakulia. Nilimwambia, "Wewe umepima mtu kwa betri!" Akanijibu kwamba ipo siku nitamshukuru. Sikumshukuru, na hata leo sijamshukuru.

Kaseti yenyewe akaifungia kabatini. Posa imekataliwa, na mwenye zawadi amekataa kuichukua, basi imebaki kuwa amana. Amana ya mtu huichezei wala huifungui, inakaa mpaka mwenyewe aje. Mama alimwambia mara kwa mara, "Si uifungue uone, Alois?" Yeye akasema hatatia bisibisi kwenye mali ya mtu. Mama akamwambia ana kichwa kigumu. Wakagombana, wakapatana, kaseti ikakaa palepale. Mvua zikanyesha, tukavuna, upepo wa baridi ukaja ukaondoka. Kashinje hakuonekana sokoni. Mchele wa kwao ukawa unaletwa na mtu mwingine, na huyo mtu nikimuuliza anasema, "Yupo, mzima."

Herieth ndiye aliyevunja amana. Alizidiwa na hamu, akaiiba kabatini akaichezea nyuma ya nyumba, ikamponyoka ikagonga jiwe, ikapasuka kona. Alikuja kibandani analia kamasi mpaka kifuani. Nilikuwepo, napima maharage. Baba alimgombeza kidogo tu. Amana ikivunjika mikononi mwako huna budi kuitengeneza kabla mwenyewe hajaja, hilo nalo ni la adabu. Akatoa kalamu yake, akafungua skrubu.

Mteja akamsalimia shikamoo mara mbili, hakuitika.

"Vipi?" nikauliza.

"Ni yenyewe."

"Yenyewe ipi, baba?"

"Halisi." Akanionyesha. Vyuma vina chapa zake safi, na betri bapa ipo mahali pake, imeota ukungu wa kijani pembezoni. "Betri ndiyo iliyokufa. Ni uzee tu. Alisema imetumika muda mrefu. Aliniambia, na mimi nilisikia."

Looh! Nilimwaga maharage. Sijui nilisema nini na nini, nakumbuka tu mama Jafeti wa nyanya akija kunishika mabega. Nilimwambia baba kwamba amenizika nikiwa hai, kwamba aendelee kukaa na redio zake, zimzalie wajukuu. Maneno mabaya sana. Baba alikuwa ameshika ile kaseti wazi kama mtu aliyeshika kifaranga.

Kisha akafunga kibanda mchana kweupe. Akaenda stendi, akapanda fuso la kushuka bondeni, peke yake, bila mshenga. Mnaelewa hilo? Baba wa binti kwenda mwenyewe kwa watu wa mume kuomba! Haijawahi kutokea kwetu. Mwalimu Ambilikile alipopata habari alikuja mbio kumzuia, akakuta vumbi. Nami, pamoja na hasira zangu zote, nikaanza kutumaini. Niliosha nywele. Nikatandika kitanda cha wageni. Mama alinitazama, hakunitania.

Baba alirudi jioni ya Jumapili, watu wakitoka kanisani. Alikuwa na mguu wa mbuzi kwenye mfuko, na vumbi mpaka kwenye kope. Nilijua kabla hajakaa. Mtu anayeleta habari njema huanza kuongea akiwa barabarani.

Mama akampa maji. Akanawa, akakaa, akasema walimpokea vizuri mno, walimchinjia mbuzi, na Mzee Mboje alimpa kiti chake mwenyewe. Kashinje hakuwepo. Ameoa kule kijiji cha Mwimbi baada ya mavuno, amehamia huko kwa shughuli zake.

"Umemwambia baba yake kwamba ni halisi?" nikauliza.

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Baba akatazama mikono yake. Sikuwahi kumwona baba analia, na hakulia hapo pia, ila sauti ilikuwa si yake.

"Amesema walijua. Kijana hakuiacha hapa kwa hasira. Alimwambia baba yake, 'Tungoje. Yule mzee ni fundi, hawezi kukaa na kitu ndani bila kukifungua. Akikifungua tu ataniita.' Alikataa mabinti wawili aliotafutiwa. Kila fuso lililopanda huku, alimtuma dereva aulize kama kuna ujumbe kutoka kwa Mzee Alois. Amengoja msimu mzima, Evodia. Amengoja mpaka wakaanza kumcheka."

Mama akajifunika kanga usoni. Mimi nilikaa chini palepale sakafuni. Madereva wale wote nilikuwa nawajua kwa majina, walikuwa wananunua maharage kwangu, na kila mmoja aliniuliza, "Mzee wako hajambo? Hana salamu za kupeleka bondeni?" nami kila mara nikajibu kwamba hajambo, hana.