Ncha Nne za Shuka

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Wewe unashika ncha mbili, mwenzako mbili, mnavuta mpaka lilie, mnasogeleana, mnakabidhiana. Mama Pasi na Hajati walisogeleana hivyo miaka kumi na mmoja kwenye chumba cha kufulia, na kila wakisogeleana walitukanana.

"Vuta, kafiri wangu! Mikono imelegea kama imani yako."

"Nyamaza, Hajati wa ndotoni, uliyehiji mpaka sokoni ukarudi!"

Wanacheka mpaka machozi. Na walikuwa na mpango wao, haukuandikwa popote. Ijumaa Hajati akienda kuswali, Mama Pasi anabeba kazi ya wawili. Jumamosi, siku ambayo dini ya Mama Pasi haimruhusu kugusa kazi hata nyumba iungue, Hajati anaingia badala yake, na kukunja kunangoja wakutane. Mungu hakulalamika, na wagonjwa walilalia mashuka yaliyonyooka.

Ndipo akaletwa msimamizi mpya, kijana wa tai, kila akifungua mdomo ni "kwenye semina tulifundishwa". Siku ya pili tu wakambatiza Semina. Siku ya tatu Semina akapita mlangoni, akasikia "kafiri", akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Hakuuliza. Msomi haulizi, anaandika.

Kesho yake karatasi ikawa ukutani: wawili hao wasishike kazi pamoja, na kubadilishana siku marufuku.

Mama Pasi aliingia ofisini bila hodi, aproni inachuruzika maji.

"Mwanangu, nani amekuja kukulilia?"

"Keti, mama. Tunajua unaumia. Umetukanwa dini yako."

"Na mimi nikamtukana yake! Au ulisikia kwa sikio moja?"

"Kwenye semina tulifundishwa kwamba anayeonewa humtetea anayemwonea."

Mama Pasi akasikia damu inampanda mpaka kwenye mizizi ya nywele. Semina akamsogezea karatasi, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Weka sahihi hapa kwamba alikudhalilisha. Nami Jumamosi yako nitaiandika rasmi, na muhuri juu. Yeye atapata onyo la mwisho tu."

Jumamosi yenye muhuri! Wasimamizi watatu waliotangulia aliwabembeleza kwa ajili ya siku hiyo, wote wakampa kisogo. Aliitazama ile karatasi, na kuitamani kwake kukamzidishia hasira.

"Yaani nimuuze mwenzangu nimnunue Mungu?"

"Mama, hujaelewa."

"Wewe ndiye hujaelewa! Neno lile mdomoni mwake ni jina langu. Wewe umelichukua ukaligeuza jiwe, sasa unataka mimi ndiye nimrushie."

Akashika kalamu, akaandika kwa herufi zake nene za darasa la saba: *Nimeitwa kafiri miaka kumi na mmoja, sijavunjiwa heshima ila leo.* Akaweka sahihi.

Semina akakunja uso. "Basi Jumamosi uje. Usipokuja, kazi huna."

"Siji. Andika na hilo."

Hakwenda. Alikwenda kanisani, na kwa ghadhabu hata wimbo haukumtoka.

Jumatatu alifika kuchukua barua yake ya kufukuzwa. Akamkuta Hajati amekaa juu ya mlima wa mashuka yasiyokunjwa, mikono kifuani.

"Jumamosi hukuja, nikaitwa mimi, peke yangu," Hajati alisema. "Nikamwambia Semina, shika ncha mbili. Mtoto wa watu hajui hata kuvuta!"

Semina alikuwa kando, tai imekwenda upande. Nyuma yake muuguzi mkuu anafoka: mashuka ya chumba cha upasuaji yako wapi?

"Kunjeni kwanza," Semina akasema kwa sauti ndogo. "Mengine tutazungumza."

"Bandua karatasi yako kwanza," Mama Pasi alimjibu.

Akaibandua. Mpango ukarudi kama ulivyokuwa, Ijumaa yake na Jumamosi yake, bila muhuri.

Wakashika shuka, ncha mbili kwa mbili. Hajati akafungua mdomo, akaufunga. Akageuka kuutazama mlango. Kisha ndipo akanong'ona, "Vuta, kafiri wangu."

Miaka kumi na mmoja hakuwahi kutazama mlango kwanza.

Mama Pasi akavuta. Alivuta kwa hasira zake zote, mpaka shuka likapasuka katikati.