Msomaji wa Wasifu

Katika chuo kile cha tiba kuna desturi ambayo haikupata kuandikwa popote: profesa mpya hatoi mhadhara wake wa kwanza kabla mtu aliyefanya naye kazi hajasimama kuusoma wasifu wake. Msomaji huyo si mshereheshaji. Akisoma, ameshuhudia, na baada ya hapo hakuna anayeuliza tena.

Profesa Obedi alimchagua Daktari Asma. Wenzake walimtania kwamba sasa amekuwa binti wa nyumbani, asisahau kushona kitenge. Asma alifurahi. Profesa ndiye aliyemsimamia tangu shahada ya pili, ndiye pia aliyemshawishi aiache wodi ya macho na kuingia katika utafiti. Mwezi uliofuata, ombi lake la kupandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi lingefika mbele ya kamati, na lilisimama juu ya kazi moja tu: utafiti wa ugonjwa wa vikope kule kijijini Busi.

Alikabidhiwa wasifu asubuhi ya mhadhara, ofisini kwa Profesa, akaupitia akiwa wima. Masomo ya ng'ambo, miaka ya wodini, machapisho, yote aliyajua. Kisha akafika Busi. Ilielezwa kwamba akina mama walipokataa watoto wao wafunuliwe kope, kwa uvumi kuwa madaktari wanang'oa macho, Profesa alijifunua ukope wake mwenyewe mbele yao, wakaona jicho limebaki mahali pake.

Asma alikaa. Ukope ule ulikuwa wake. Aliufunua uani kwa Bi Swaumu, mkunga wa kijiji, akiwabembeleza akina mama kwa Kirangi cha utotoni mwake, wakati Profesa yuko Kondoa mjini, katika nyumba ya wageni, akingojea takwimu. Busi hakuwahi kufika. Kisa hicho Asma ndiye aliyemsimulia, wakacheka pamoja.

"Profesa, hapa pana kosa. Aliyejifunua ukope ni mimi."

Profesa alivua miwani, akaifuta taratibu. "Mwanangu, utafiti ulikuwa wangu. Mtu akilima, hatusemi mkono wake umelima. Tunasema amelima yeye."

"Na kamati ikiniuliza mimi nililima nini?"

"Nitakusemea. Wewe kasome vizuri tu."

Hapo ndipo alipofahamu kwa nini amechaguliwa. Angesoma mtu mwingine, Asma angeweza kubisha baadaye. Akisoma yeye, atakuwa amejifungia mlango kwa sauti yake mwenyewe.

Ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele waliketi wanawake watatu wa Busi, walioletwa kwa gari la chuo kama wageni wa heshima, Bi Swaumu akiwa mmoja wao. Asma alisoma kwa utulivu, kila neno na haki yake, kwa sababu mengi yalikuwa ya kweli na aliyaheshimu. Alipofika aya ya Busi alishusha karatasi.

"Sehemu inayofuata sikuiona ikitendeka," alisema. "Namwomba Profesa aisome mwenyewe."

Akampelekea karatasi na kipaza sauti. Mpaka dakika ile alikuwa bado anamtumainia. Aliamini kwamba, mbele ya wanawake wale, mwalimu wake angeiruka ile aya, na yeye angemsamehe.

Profesa hakuiruka. Aliisoma kwa sauti ileile aliyomfundishia, hata akaweka kidole juu ya jicho ili ukumbi uone ilivyokuwa. Bi Swaumu alimwinamia mwenzake, akauliza kwa Kirangi huyu baba anayesema ni nani.

"Daktari Asma ni mnyenyekevu mno," Profesa alimalizia, akitabasamu. "Alinisaidia sana kutafsiri."

Watu wakapiga makofi, wengine wakimgeukia Asma kwa upendo. Hakurudi kitini. Alibaki amesimama kando ya meza kuu, na makofi yakapungua mstari kwa mstari, kadiri watu walivyotambua kwamba hajakaa.

"Si unyenyekevu, Profesa," alisema, bila kipaza sauti. "Aliyejifunua ukope kule Busi ni mimi, na ilikuwa uani kwa Bi Swaumu. Yupo hapa. Mwulize."

Profesa aliwageukia wageni wa mstari wa mbele. Macho yake yalipita kwa mwanamke wa kwanza, yakaenda kwa wa pili, kisha wa tatu, yakarudi tena kwa wa kwanza, yakitafuta ni yupi.